Ufunguo wa Ijumaa Kuu

Kijiwe cha kisimani, huku Cheyo mjini Tabora, hakina benchi la kununuliwa. Wamelaza taruma kuukuu la reli juu ya mawe mawili. Watatu wakikaa wanakaa vizuri, wa nne anakaa kwa imani. Alhamisi hii, baada ya chakula cha mchana, joto limelaza hata kuku, na nyuki wametua kwenye ukingo wa ndoo kama waliosahau walikotoka. Shaban anamimina kahawa. Alois, mstaafu wa reli ambaye wote humwita Stesheni, amefumba macho nusu. Nyuma ya kope zake amekwisha kuwa mwenyekiti wa kisima: amekaa pembeni ya pampu, watu wanapita na ndoo, wanamwinamia kidogo. Anauota uenyekiti huo tangu Mzee Ngollo, aliyeushika toka kisima kilipochimbwa, alipohamia kwa mwanawe huko Ntalikwa mwanzoni mwa masika. Leo alasiri kamati ya kisima, ambayo wanakijiwe hawa wamo, inachagua. Kanuni ni moja: kiti kinabaki kwa dini ya aliyekiacha. Tatizo nalo ni moja: hawakubaliani Ngollo alikuwa dini gani.

– Alikuwa wetu, akasema Nasri, aitwaye Bibisi kwa kulala na redio sikioni. Kofia alivaa, futari alikula.

– Futari hata mimi nakula, akasema Ezekia, mpiga tarumbeta wa kanisa la Moraviani. Pilau la Idi nakula kukuzidi wewe. Mimi nani, Shehe?

– Wewe njaa tu.

– Ngollo alikuwa Mkatoliki, akasema Alois bila kufumbua macho. Kila Krismasi alikuja kwetu na kuku.

– Kuku akaingia kanisani? akauliza Nasri.

– Akaingia jikoni.

– Basi Mkatoliki ni kuku.

Shaban akacheka mpaka kahawa ikamwagikia kidole. Alois hakucheka. Kuku wale aliwategemea sana.

– Mnaanzia mbali na mwanzo, akasema Ezekia. Ulizeni kwanza huu utaratibu wetu ulitoka wapi, mtajua kiti cha nani.

Utaratibu wenyewe mtaa mzima unaujua. Siku za kawaida ufunguo wa pampu unakaa kwa mwenyekiti. Ijumaa unakwenda kwa mwanakamati wa kanisani, Jumapili kwa wa msikitini, ili anayesali asihangaishwe na ndoo. Asiye wa kamati haushiki. Nani aliyetunga hayo, hakuna ajuaye, na kwa sababu hiyo hakuna anayethubutu kuyagusa.

– Ulitoka kwenye misafara, akaendelea Ezekia. Wanyamwezi walibeba pembe hadi pwani. Tajiri alikuwa na mali, lakini njia alikuwa nayo kirangozi, kiongozi wa msafara. Mganga alikuwa na dawa, mpishi na sufuria. Kila mtu ameshika kitu ambacho mwenzake hawezi kwenda bila hicho. Hapo utagombana na nani? Ndiyo maana wahenga wakasema, kikulacho ki nguoni mwako.

– Hiyo ya chawa, akasema Alois.

– Chawa naye alikuwa msafarani.

Nasri akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeweka taifa.

– Nyinyi mnahesabu hatua za wapagazi, dunia imekwisha fika. Kule Lebanoni rais ni Mkristo wa Kimaroni, waziri mkuu Suni, spika Shia. Haikuandikwa, walipatana kwa mdomo. Kwa mdomo, kama sisi. Mnadhani walijifunza wapi?

– Usiseme Tabora, akasema Shaban.

– Nasema Tabora. Alikuwepo mfanyabiashara wa Kiarabu hapa, jina limenitoka. Alikaa kisimani kama hivi, akatazama, akarudi kwao na wazo kwenye sanduku la asali.

– Wazo halikunata?

– Lilifika limenata kidogo. Ndiyo maana wanapata shida kulitenganisha.

Alois akaiona njia yote hiyo: mchanga mweupe, watu wameinamia mizigo, kichwani mwa mmojawao kiti chake cha uenyekiti kikielea kuelekea bahari asiyoijua. Akataka kukiita kirudi.

– Hata Waarabu wamechelewa, akasema Ezekia kwa upole wa mtu aliyeshinda. Walianza tembo. Ukame ukija, tembo wanafika dimbwini zamu kwa zamu, kundi hili asubuhi, kundi lile jioni. Watu waliona tu wakaiga. Samaki mkunje angali mbichi.

– Na tembo wa kwanza kunywa alikuwa dini gani? akauliza Alois, naye, aibu yake, aliuliza kwa dhati.

Hapo akaja dada mmoja, mtoto mgongoni, ndoo mkononi. Levina, aliyehamia juzi kutoka Isikizya.

– Shikamooni, wazee wangu.

– Marahaba, mama.

– Nimeelekezwa niwaulize nyinyi. Nina nguo za mtoto za kufua kesho. Ufunguo utakuwa kwa nani?

– Kesho Ijumaa, akasema Nasri. Upo kwa watu wa kanisa. Sisi tutakuwa msikitini.

– Kesho Ijumaa Kuu, baba.

Ezekia akakumbuka tarumbeta yake, Alois Njia ya Msalaba, inayoanza kabla ya adhuhuri na kuishia kwenye ibada ya saa tisa.

– Mwaka jana alifungua nani? akauliza Levina.

– Ngollo, akasema Shaban.

– Mwaka juzi?

– Ngollo huyohuyo.

– Kumbe. Sasa yeye alikuwa anasali wapi?

Waliishi na mtu huyo miaka yote, wakala naye, wakamgombea, na hakuna aliyewahi kumwona akisali.

Alois akafumba macho, safari hii kabisa. Akamwona Ngollo peke yake pembeni ya pampu, mtaa mtupu, jua limesimama. Upande huu hotuba ya Ijumaa inatoka kwenye kipaza sauti, upande ule wimbo wa mateso unakuja na tarumbeta, na vyote viwili vinamfikia mzee palepale alipokaa, mkono kwenye mpini. Hakuna anayemwinamia. Hakuna mtu.

– Stesheni, akasema Nasri, sauti haina utani. Kiti chukua. Mimi simo.

– Wala mimi, akasema Ezekia.

Hivyo ndivyo Alois alivyoupata uenyekiti, kabla hata kamati haijakaa. Alikuwa amedhani atasikia furaha.

– Njoo saa saba, mama, akamwambia Levina. Utanikuta.

– Na kusali kwako, baba?

Shaban akainamisha birika juu ya kikombe cha Alois. Yakatoka machicha.