Mwalimu Clemens, Aliyetazama Mikono Yetu

Mwalimu Clemens Sikazwe anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kufundisha Kiswahili shuleni kwetu hapa Sumbawanga kwa miaka thelathini na mmoja. Anayeandika ni mpishi wa shule, Mama Winifrida. Ndiyo, Winifrida yuleyule ambaye hadithi yake ilisomwa redioni. Kama hukuisikia, pole, muulize jirani.

Alikuja kutoka Mwimbi akiwa kijana mwembamba, na wembamba huo sisi wa jikoni umetushinda. Wengine watamsifu kwa matokeo ya mitihani. Mimi namsifu kwa kuwafundisha watoto kuandika upya. Ukimaliza hadithi, alisema, ifungie kabatini wiki nzima, uisahau, halafu uisome kama ya mtu mwingine. Kisha ilete jikoni.

Sisi tunachambua maharage, mwanafunzi anasoma kwa sauti, Mwalimu amekaa juu ya gunia la unga. Hakutuuliza kama hadithi ni nzuri, maana tungesema nzuri tu, mtoto wa watu! Alitazama mikono. Ikiendelea na maharage, pale anaweka alama ya kukata. Ikisimama, pale hapaguswi. Mwenzangu Evodia alizoea kumtania kwamba watoto wakivunjika meno kwa mawe atamtaja yeye. Naye hujibu, "Waambie hadithi ilikuwa tamu."

Ikaja zamu ya Winifrida, hadithi ya kupeleka kwenye mashindano ya mkoa. Kurasa mbili za mwanzo zilinisifu mimi: mama ni jemedari, mama ni taa. Nilitaka Rukwa yote izisikie! Mwalimu alipozipiga mstari, nikawaka: anamfutaje mama mzazi? Hakubishana. Alimwambia mtoto asome tena, akaniomba nitazame mikono yangu mwenyewe. Jemedari akapita, taa ikapita, mimi nachambua tu. Kisha ikaja sentensi ya mtoto iliyojificha chini kabisa: "Baridi ya Juni ikizidi, mama akirudi kazini hupasha moto kwanza mikono yangu kwapani mwake, ndipo avue koti."

Mikono yangu ikasimama. Evodia akafuta macho, akasingizia moshi.

Sentensi hiyo ndiyo ikawa mwanzo, na hadithi ikashinda mkoa mzima. Mtoto ni wangu, sikatai, lakini kalamu yake ameinoa Mwalimu.

Wasifu huu nao ulikuwa mrefu, wenye kamati zake zote na vyeti vyake vyote. Jana nilimsomea Evodia, mikono yake ikaenda, ikaenda, nami nikakata. Nilipofika mahali pa kusema kwamba muhula ujao gunia lile halitakuwa na mtu, akaacha maharage. Basi hapo sijakata.

Asante, Mwalimu. Mwimbi ikupokee kwa afya na mavuno, uishi kwa raha na wajukuu. Siku ukipita mjini, njoo jikoni. Hatutamkalisha mwingine pale.