Nazari Kapinga na Foleni ya Gurudumu Kubwa

Baba Paroko, Mchungaji uliyetoka Liuli, viongozi wa kijiji, wazee wetu, shikamooni, na ninyi nyote mlioteremka milima kwenye mvua hii kuja kukaa nasi hapa Mbamba Bay, familia imenituma mimi Victor, mdogo wake Nazari wa kumfuata, niwasomee maisha yake, na tumekubaliana nyumbani kwamba tutayasema kama yalivyokuwa, pamoja na yale ambayo yeye mwenyewe hakujivunia.

Nazari Urbani Kapinga alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1969 katika kijiji cha Matiri, wilaya ya Mbinga, mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Urbani Kapinga na mama Kunigunda Ndunguru, wote wawili wametangulia mbele za haki, akasoma shule ya msingi hapo hapo Matiri kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, na kwa kuwa hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, alibaki nyumbani akilima ngoro, yale mashamba yetu ya mashimo ya miteremkoni, na kuchuma kahawa pamoja na baba, na msimu wa kahawa ukifika yeye ndiye aliyetumwa na magunia kwenye mizani ya chama cha ushirika, maana katika sisi wote ndiye aliyeweza kusimama kutwa nzima bila kugombana na mtu.

Mwaka 1991 alikwenda Dar es Salaam kwa baba mdogo, akafanya vibarua vya ujenzi, na huko akamfahamu Vitalia Chale, fundi cherehani, binti wa Kianglikana kutoka Liuli, na kwa kuwa sisi ni Wakatoliki, wazee wa pande zote mbili walikaa vikao vitatu katika muda wa miaka miwili, mpaka mama mzazi wa Vitalia alipochoka akasema mbele ya wote, "Mtoto wa watu amengoja miaka miwili hajanuna hata siku moja, mpeni mke wake," nao wakafunga ndoa takatifu mjini Mbinga tarehe 17 Juni 1995, na Mungu akawajalia watoto watatu, Luisa aliyezaliwa Aprili 1996, Siwema mwaka 2000 na Cleopa mwaka 2004.

Tarehe 3 Machi 1997 aliajiriwa katika bustani moja ya michezo nje kidogo ya jiji, akafagia mwaka mzima, kisha akapewa mlango wa gurudumu kubwa, lile lenye vibanda ishirini na vinne, kila kibanda watu wawili, linalompandisha mtu polepole mpaka aione bahari. Kazi yake ilikuwa kupanga foleni, kumpima kila mtoto kwa fimbo yenye alama nyekundu, na kuwaambia wafupi, "Rudi mwakani, mwanangu, gurudumu halihami." Ni yeye aliyetundika vibao vitatu vya chaki kando ya vyuma vya foleni, kimoja kikisema bado robo saa, kingine nusu saa, cha mwisho saa moja, kwa sababu alikuwa ameona kwamba mtu akijua atangoja kiasi gani ugomvi hupungua, na sharti lake lilikuwa moja, hakuna wa kupita mbele, awe ndugu wa mkurugenzi au wa mfagiaji.

Sharti hilo lilimfikia mwenyewe tarehe 26 Desemba 2005, siku ambayo shemeji yetu Vitalia alimleta Luisa, wakati huo ana miaka tisa, amefaulu vizuri darasani na ameahidiwa na baba yake kupanda gurudumu. Walifika saa nane mchana, foleni imeshavuka mabomba ya maji, na mwenzake wa dirisha la tiketi akamwambia, "Mpitishe mtoto, Kapinga, nani atajua?" naye akajibu, "Watajua hawa waliosimama." Luisa akasimama nyuma kama watoto wengine, mama yake akiwa kivulini na wadogo zake, akasimama saa mbili na nusu juani, na watu sita tu wakiwa wamebaki mbele yake umeme ukakatika, na jenereta ya bustani haikuwa na nguvu ya kulizungusha gurudumu, wakangoja mpaka saa kumi na mbili bustani ikafungwa. Luisa alitembea hadi kituo cha basi bila kumshika baba yake mkono, na kila alipoahidiwa tena sikukuu zilizofuata alisema ana kazi za shule, wala hakukanyaga tena pale. Miaka mingi baadaye kaka aliniambia, "Nilitenda haki, Victor, na nikamuumiza mwanangu, na sijui nivipatanishe vipi."

Mwezi Julai 2011 uongozi wa bustani ulianzisha tiketi ya haraka, ambayo bei yake ilikuwa mara tatu ya ile ya kawaida, na aliyeinunua alivalishwa bangili nyekundu ya karatasi na kupitia mlango wake mwenyewe bila kungoja. Jioni ile Nazari aliieleza familia mezani kazi mpya ilivyo, na Luisa, sasa msichana wa miaka kumi na tano, akaliacha tonge sahanini akasema, "Kumbe njia ya kupita mbele ilikuwepo, baba, ilikuwa inangoja kupangiwa bei." Kesho yake kaka alimwomba meneja kwamba kila wakipanda wanne wa bangili wapande wanane wa foleni, meneja akamwambia mtu aliyelipa ili asingoje hawezi kuambiwa angoje, na kaka alikiri kwamba hilo nalo lina ukweli, akarudi mlangoni. Lakini vibao vyake vikawa havisemi kweli, maana aliandika saa moja na watu wakasimama saa mbili na nusu, kwa kuwa hakuna aliyejua bangili ngapi zitakuja, na baada ya wiki tatu alivifuta vyote kwa kitambaa kibichi, hakuna aliyemwagiza.

Aliendelea hivyo miaka miwili, kwa sababu watoto walikuwa shuleni na kazi haikuwa rahisi kupatikana, hadi Jumamosi ya tarehe 14 Septemba 2013. Siku hiyo walikuja wanafunzi arobaini na wawili wa darasa la sita kutoka kijiji kimoja cha Rufiji, wakapanga foleni tangu saa nne asubuhi, na saa tisa mchana walikuwa bado hawajafika mlangoni, kwani bangili nyekundu zilikuwa zikimiminika, tena kulikuwa na sherehe ya kuzaliwa. Mwalimu wao, mwanamke aitwaye Serafina, alimsogelea akamwambia, "Kaka, gari letu linaondoka saa kumi. Sikuombi upendeleo, niambie tu ukweli niwaambie watoto, tutapanda au hatupandi?"

Nazari aliwatazama wale watoto, wengine wameketi chini na viatu vyao mkononi, akasema, "Mtapanda." Akachukua mnyororo, akaufunga mlango wa bangili, akawapandisha wote arobaini na wawili na walimu wao wawili katika mzunguko mmoja. Baba mmoja mwenye bangili, watoto wake wawili wamemshika suruali, akapaza sauti, "Mimi nimelipa mara tatu ya hawa!" na kaka akamjibu, "Ni kweli, mzee, umelipa, na nimekukosea, naomba unisamehe na ungoje dakika ishirini." Jumatatu alipewa barua ya kuachishwa kazi kwa kukaidi maagizo, akaitia saini, wala hatukumsikia hata mara moja akiwalaumu waliomfukuza, wala walionunua bangili, alisema walinunua kilichowekwa sokoni. Nyumbani Luisa alimuuliza, "Kwa hiyo wale umewapitisha?" naye akamwambia, "Sikuwapitisha, mwanangu, zamu yao ilikuwa imeshapita." Jioni hiyo ni Luisa aliyempelekea baba yake maji ya kuoga, kazi aliyokuwa amemwachia Siwema kwa miaka mingi.

Januari 2014 familia ilihamia hapa Mbamba Bay, kwenye kiwanja walichopewa na upande wa shemeji, wakalima mihogo na kuuza usipa, dagaa wa ziwa letu, Vitalia akaendelea na cherehani yake. Mwaka uliofuata Bwana Nathanieli Haule, ambaye tunaye hapa, alileta bembea ya kuzunguka yenye farasi kumi na sita, inayoendeshwa kwa jenereta, akaiweka ufukweni kwa ajili ya sikukuu, na Jumatatu ya Pasaka, tarehe 6 Aprili 2015, watoto wa Liuli, wa Lituhi na hata wa Tingi waliivamia wakasukumana, mmoja akavunjika mkono, na Bwana Nathanieli akatuma mtu amwite Nazari. Alikwenda na mfuko wa vifuniko vya soda alivyoviandika namba kwa rangi, kila mtoto akapewa kifuniko chake aende akaogelee au akae kivulini mpaka namba yake itakapoitwa, na asiyeweza kusimama, mwenye miguu mibovu au mama mjamzito aliyemleta mtoto, akaingia kwanza bila kifuniko na bila kulipa zaidi. Sikukuu moja Bwana Nathanieli alimshauri wauze namba za mwanzo kwa wageni wenye magari kutoka Songea, kaka akamwambia, "Uza, bwana, bembea ni yako, lakini utafute mtu mwingine wa kuita namba." Bwana Nathanieli alicheka, hakuuza, na wakafanya kazi pamoja miaka minane bila neno baya.

Mwezi Agosti 2023 miguu yake ilianza kuvimba, akapimwa akaambiwa ni figo, akatibiwa akiwa nyumbani, na mwezi Januari mwaka huu alipozidiwa, Luisa, ambaye siku hizi ni muuguzi katika kituo cha afya huko milimani, alichukua likizo akampeleka hospitali mjini Mbinga. Benchi lilikuwa limejaa, na mhudumu alipomwona anavyohema aliichukua kadi yake akaiweka juu ya zote, lakini kaka akalishikilia benchi, "Hawa wametangulia." Luisa akamwambia, "Baba, hapa hatupangi kwa aliyetangulia kufika, tunapanga kwa aliyezidiwa. Inuka." Akainuka, akawageukia waliokaa akasema, "Samahanini, jamani," nao wakamjibu, "Pita, mzee, pita."

Akiwa amelazwa, mchana mmoja Luisa anamkata kucha, kaka alimwambia jambo ambalo mwanawe ameomba nilisome hapa. Alisema, "Siku ile ya gurudumu nilikuwa na saa nzima ya mapumziko. Ningeweza kuja kusimama na wewe kwenye foleni. Nilikwenda kunywa chai, kwa sababu niliona aibu kukutazama." Luisa akamjibu, "Hilo ndilo lililoniuma, baba. Siyo gurudumu." Anasema baba yake akampa mkono wa pili, naye akaendelea kumkata kucha.

Nazari alifariki dunia Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, mjini Mbinga, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, ameshapewa mpako wa wagonjwa, Luisa na Vitalia wakiwa kando ya kitanda chake, na ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, Baba Paroko na Mchungaji mliosali pamoja naye bila kuulizana yeye ni wa nani, Bwana Nathanieli na wote waliofanya kazi naye, wenzake wa zamani wa Dar es Salaam waliopiga simu, dereva aliyeushusha mwili kwenye utelezi wa mlimani kwa saa tano, na majirani, kina mama mliochota maji na kupika, vijana mliochimba kaburi kwenye udongo huu wenye mawe. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, mtuwie radhi.

Shemeji yetu Vitalia hakutaka tuandike mengi kumhusu, ameomba neno moja tu liongezwe, kwamba katika miaka ishirini na tisa na miezi minane ya ndoa yao, Nazari hakuwahi kuingia ndani bila kupiga hodi, hata katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, alisimama mlangoni mpaka aitikiwe.

Baba Luisa, kaka yangu, leo usipige hodi. Karibu, pita, ukapumzike kwa amani.