Marehemu Mwanne Shabani Kitwana, Mwalimu Aliyechora Kompyuta Ubaoni

Assalaam alaykum. Wazazi wetu, majirani wa Msimbu, walimu na wanafunzi mliotoka Kibaha asubuhi hii, na nyote mliofika kutufariji. Kwa niaba ya familia ya Mzee Shabani Kitwana nawasomea habari za maisha ya dada yetu, kabla hatujamswalia na kumsindikiza.

Marehemu Mwanne alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974 hapa Msimbu, wilayani Kisarawe. Baba yake, marehemu Mzee Shabani Kitwana, alikuwa mkulima wa mihogo na korosho. Mama yake, Bi Hamisa Shomari, tuko naye hapa. Mama anakumbuka kwamba binti yake alipokuwa bado mdogo alifundishwa kusuka ukili, na siku moja, mkeka ukiwa karibu kuisha, aliona ukindu mmoja wa rangi umepita pasipo pake. Akaanza kufumua. Mama akamwambia, "We Mwanne, nani atakalia mkeka huku anakagua ukindu mmoja mmoja?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Mimi nimeshauona." Mkeka ulichelewa na aliyeuagiza alinuna. Mama anasema siku ile alijua kwamba mtoto huyu atawasumbua watu, na kwamba yeye mwenyewe atasumbuka zaidi.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, na madrasa hapa hapa, alikohitimu Kurani akiwa bado darasa la sita. Masomo ya sekondari aliyapata Kibaha, akikaa kwa shangazi yetu mtaa wa Sofu, na alimaliza mwaka 1992. Baadaye alijiunga na chuo jijini Dar es Salaam, akatunukiwa stashahada ya uandishi wa habari mwaka 1996.

Kazi aliianzia redioni, Dar es Salaam, mwaka 1997, kama mhariri wa vipindi. Enzi zile sauti zilirekodiwa kwenye utepe, na mhariri alikata utepe kwa wembe na kuuunga kwa gundi. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogo ya kazi hiyo mpaka jana. Kompyuta zilipoingia studio, yeye alikuwa kijana, akajifunza haraka. Wazee waliomfundisha wembe hawakupata wa kukaa nao kuwafundisha, wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Jambo hilo alilizungumza mara nyingi. Alisema watu wale hawakuwa wamechoka kazi. Waliachwa tu.

Tarehe 4 Septemba 1999 alifunga ndoa hapa Msimbu na Bwana Said Zubeir, seremala. Walijenga Picha ya Ndege, kule Kibaha, wakati ambapo nyumba pale zilikuwa za kuhesabu, na Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto wawili, Hajra na Badru. Shemeji yetu ni mtu wa maneno machache. Ametuomba tuseme kwamba katika nyumba yake hakuwahi kusikia uongo, na kwamba kuishi na mtu wa namna hiyo kuna siku ni raha na kuna siku ni kazi.

Mwaka 2006 aliajiriwa kufundisha uhariri wa sauti na picha katika Chuo cha Habari na Utangazaji Mapambazuko, Kibaha. Chumba cha kompyuta kilikuwa kipya, na wanafunzi walitoka mikoa yote kuja kusoma pale. Miaka ikapita. Kamera zikabadilika, simu zikaanza kupiga picha za video, vituo vya televisheni vikabadilisha mitambo. Chumba kile kilibaki vilevile, na zile kompyuta zenye visogo vinene nyuma ya kioo na programu zilezile za siku ya kwanza. Mwanafunzi akija na picha alizopiga kwa simu yake, mashine ilikataa hata kuzifungua. Nyingine zilikufa, ikawa wanafunzi wanakaa wanne kwenye moja, mmoja anashika kipanya na wenzake wanatazama.

Marehemu alitafuta njia. Alikuwa akienda kwa marafiki zake studio za Dar es Salaam, anaangalia programu mpya zilivyo, kisha anarudi darasani na kuchora kioo kizima cha kompyuta ubaoni kwa chaki za rangi: hapa unakatia, hapa unapandisha sauti, hapa unasahihisha rangi. Wanafunzi walikariri kama watu wanaokariri ramani ya mji ambao hawajawahi kufika.

Mwaka 2018 mwanafunzi wake aitwaye Ipyana, kijana kutoka Mbeya, alipelekwa kwenye kituo kimoja cha televisheni kwa mafunzo ya vitendo. Alirudi kabla ya muda. Yeye mwenyewe ametueleza alivyomkuta mwalimu wake uani mwa chuo.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Madam, walinipa habari ya dakika mbili niikate. Nilikuwa najua kila kitu kilipo, kama ulivyochora. Ila mkono haujui. Nikakaa natafuta, jamaa akaniuliza, dogo, wewe umesomea wapi? Toka siku ile nikawa nabeba stendi za kamera."

Marehemu akamwambia, "Pole, mwanangu. Rudi kule kule. Beba hizo stendi, lakini kila ukipata upenyo simama nyuma ya anayehariri. Huku niachie mimi."

Aliupeleka mkasa huo kwenye kikao cha walimu, na akaupeleka tena kwenye kikao kilichofuata. Alijibiwa kwamba misingi ya uhariri haibadiliki, na mwalimu hodari hufundisha kwa alichonacho. Yeye alikubali kwamba misingi haibadiliki. Aliuliza tu ni fundi gani wa cherehani aliyejifunza kushona kwa kutazama picha ya cherehani.

Mwaka 2019 wakaguzi wa elimu walitangaza kwamba watafika chuoni. Siku moja kabla ya ujio wao, gari lilileta kompyuta mpya za kuazima, zikapangwa chumbani na zile za zamani zikafungiwa stoo. Walimu waliambiwa wakiulizwa waseme zimekuwepo tangu mwanzo wa muhula. Marehemu alikuwa mkuu wa idara. Mwalimu Laurensia, rafiki yake mkubwa pale chuoni, alimshika mkono ukumbini akamwambia, "Mama Hajra, nakuomba. Mimi nina mkataba wa mwaka mwaka. Wacha hili lipite." Marehemu alimwambia, "Sitasema chochote nisipoulizwa."

Aliulizwa. Mkaguzi aligusa kompyuta moja na kusema, "Mwalimu, wanafunzi wako wanazionaje hizi?"

Akasema, "Hawajaziona. Zimekuja jana, na ninyi mkiondoka na zenyewe zinaondoka. Wanazotumia ziko stoo. Ufunguo anao mkuu wa chuo."

Mkuu wa chuo alitoa ufunguo mfukoni na kumkabidhi mkaguzi.

Ndugu zangu, yaliyofuata hatuwezi kuyaruka, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuyaruka. Kozi ilisimamishwa mpaka vifaa vipatikane. Wanafunzi waliambiwa watafute vyuo vingine au wasubiri. Walimu wa mikataba waliachishwa, na Mwalimu Laurensia akiwa mmoja wao. Marehemu alivuliwa ukuu wa idara, akapelekwa maktaba. Njiani watu walimpita bila salamu. Nyumbani shemeji yetu alimuuliza, "Ungenyamaza, si wangepata vyeti vyao tu?" Akasema, "Vyeti wanavyo waliotangulia, Baba Hajra. Wako majumbani wamekaa navyo."

Lakini kuna jambo moja lililomnyima raha. Mwanafunzi wake mmoja, Saburi, binti wa mkulima wa huko Mlandizi, alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Chuo kingine hakuweza kwenda. Marehemu alifunga safari hadi kwao. Mimi nilimsindikiza, ndiyo maana naweza kuyasimulia. Baba yake Saburi, Mzee Salumu, alitukaribisha vizuri, akatandika jamvi, akamsikiliza dada mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Mwalimu, mimi sikusoma. Unaniambia binti yangu alikuwa anafundishwa kitu kisichomsaidia. Nakuamini. Lakini alikuwa anaondoka hapa asubuhi ana pahali pa kwenda. Sasa hana. Hilo nalo utaniambiaje?"

Dada hakujitetea. Alisema, "Sina la kukwambia, baba. Nimekuja ili usikie kwangu, usisikie kwa watu."

Mzee Salumu akaitikia kwa kichwa, akamwita Saburi atuletee maji ya kunywa.

Katika miaka ile ya maktaba hakuacha kufundisha. Waliokuwa wanasubiri kozi ifunguliwe aliwaita nyumbani kwake siku za Jumamosi, wakatumia kompyuta yake ya mkononi kwa zamu barazani, huku shemeji akipiga randa uani na mavumbi ya mbao yakiwaingia. Saburi alialikwa. Alikuja mara chache, kisha akaacha. Alikuwa ameshaanza kuuza chakula stendi ya mabasi, akasema muda hautoshi.

Chuo kilipata bodi mpya, na mwanzoni mwa mwaka 2022 kozi ilifunguliwa tena, ikiwa na chumba kipya, mashine za kisasa na programu zinazotumika vituoni. Marehemu alirudishwa darasani. Siku ya kwanza aliyokaa mbele ya mashine mojawapo, aligundua kwamba na yeye sasa ni mgeni. Aliyokuwa akiyachora yalikuwa yameshapitwa. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na angeweza kujificha nyuma ya cheo. Badala yake alimpigia simu Ipyana, ambaye kwa kusimama nyuma ya watu alikuwa amegeuka mhariri kamili kwenye kituo kilekile alikobebeshwa stendi. Alimwomba aje Kibaha kuwafundisha walimu.

Ipyana alikuja. Marehemu alikaa dawati la mbele, miwani puani. Kila alipokosea, kijana aliona haya, akawa anasahihisha kwa kuzungukazunguka.

"Madam, hapo labda... ukipenda, ungejaribu upande wa huku."

"Ipyana, nimekosea au sijakosea?"

"Umekosea, Madam."

"Basi sema hivyo. Ukinionea haya wewe, mashine haitanionea."

Walimu waliokuwepo wanasema baada ya maneno hayo kila mtu alianza kuuliza asichokijua. Na katika walioitwa kurudi kazini alikuwemo Mwalimu Laurensia.

Katikati ya mwaka 2023 marehemu alianza kujisikia maumivu, na vipimo vikaonyesha saratani ya titi. Alitibiwa jijini Dar es Salaam, akapata nafuu, akarudi kufundisha akiwa amefunga kitambaa kichwani. Mwanzoni mwa mwaka huu ugonjwa ulirudi kwa nguvu, akaomba aletwe hapa Msimbu kwa mama. Mwalimu Laurensia alikuwa akija kumuuguza. Siku moja alimwambia, "Mama Hajra, nilikukasirikia muda mrefu, na moyoni nilijua ulisema kweli." Dada akamjibu, "Hasira ilikuwa haki yako. Wanao walilala vibaya kwa neno langu. Nisamehe." Wakalia wote wawili, kisha Laurensia akamkorogea uji.

Wiki iliyopita wanafunzi wa mwaka wa mwisho walimletea kazi yao ya kuhitimu aiangalie, filamu fupi ya bibi mmoja wa Kisarawe anayeeleza jinsi shamba lake lilivyochukuliwa. Hajra aliishika kompyuta juu ya kitanda. Marehemu alitazama akiwa amelala kwa ubavu. Sauti yake ilikuwa imeshafifia, na wanafunzi walilazimika kuinama ili wamsikie.

"Kuna pahali mmemkata mapema," alisema.

Mmoja wao akaeleza kwamba bibi alikuwa amenyamaza, wakadhani amemaliza.

"Hajamaliza. Alikuwa anatafuta pumzi. Mwacheni mpaka amalize mwenyewe."

Alifariki dunia jana, Jumatano tarehe 18 Juni 2025, baada ya swala ya alasiri, akiwa na miaka hamsini, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama.

Ameacha mama yetu, Bi Hamisa Shomari. Mume, Bwana Said Zubeir. Watoto, Hajra na Badru. Wadogo zake, Swaumu na mimi Salehe. Na wanafunzi wengi, waliohitimu na wasiohitimu. Saburi hakurudi chuoni. Amefika leo tangu asubuhi, na ni mmoja wa akina mama waliomwosha dada yetu. Familia inamshukuru.

Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na Kwake tunarejea. Mola amsamehe alipokosea, amlipe alipopatia, alipanue kaburi lake na kulitia nuru, na ampumzishe Mwanne wetu kwa amani. Amin.

Salehe Shabani Kitwana, kwa niaba ya familia
Msimbu, Kisarawe, 19 Juni 2025