Koti la Mikono Miwili ya Kushoto

Alasiri hiyo, kwenye benchi la nje ya kinyozi, kahawa ilikuwa imefika duru ya pili na wajumbe wa benchi hilo walikuwa wakimjadili Sentimita kana kwamba hayupo. Naye alikuwa amekaa papo hapo katikati yao, kikombe mkononi. Sentimita ni fundi cherehani. Miaka ishirini alipima watu bila kuandika popote, vipimo vyote kichwani. Juzi alimshonea mteja koti lenye mikono miwili ya kushoto.

— Mawazo hayo, alisema Dereva. Kichwa kimejaa.

— Kimejaa nini, kwani ndoo? Kinyozi akamkatiza. Huyu halali, anakesha na redio.

— Hamjui kitu, akadakia muuza magazeti, wanayemwita Profesa. Ni mvuke wa pasi. Unapanda puani, unalainisha ubongo.

— Basi mimi na mashine yangu ya kunyolea inavyotetemeka, ubongo wangu ungeshakuwa uji! alisema Kinyozi.

Sentimita alitaka kuwaambia. Lakini kila alipolikaribia neno, wenzake walikuwa wameshafika kwingine.

— Daktari amesema…

— Pumzika! Dereva akammalizia.

— Amesema ile… ile…

— Miwani!

— Vidonge!

Akainamia kikombe chake, uso ukimwaka kwa aibu.

Dada mmoja, mgeni mtaani, alikuwa amesimama pembeni na suruali ya kupunguzwa.

— Samahani kaka zangu. Mkiongea watatu kwa mpigo, yeye amjibu nani?

Profesa alifungua mdomo. Kinyozi akamfinya paja.

— Ganda, alisema Sentimita hatimaye. Mishipa ya fahamu ina ganda, kama waya wa umeme. Kinga ya mwili wangu inalishambulia. Ugonjwa huo wanauita MS. Akili ninayo, jamani. Ila habari zinachelewa njiani.

— Ndiyo sababu ya lile koti? Dereva aliuliza polepole.

— Ndiyo. Nilikuwa nakata huku redio inaongea na mteja anaongea. Zamani nisingehangaika.

Profesa akainua kidole kama mwanafunzi.

— Hilo ganda huota tena?

Sentimita alifikiri. Wakamngoja.

— Sijui. Jumatatu nina miadi, nitamuuliza daktari.

— Tunakusindikiza wote! alisema Dereva.

— Njooni, alisema Sentimita, akicheka. Ila chumbani kwa daktari aingie mmoja.