Herufi Nono za Mwanzia

Wachungaji, majirani na ndugu zetu mliofika hapa Kisaju, mimi ni Nzisa, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, Mwanzia Mbaluka, pamoja na kuwaeleza ule ubishi wa msalaba wake, maana najua mmeusikia.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Mbooni, akasoma hadi darasa la saba, akatoka na maksi za kawaida na madaftari yaliyojaa michoro. Mwaka wa 1981 alikuja Kitengela, akaanza kuandika kwa mkono mabango ya bucha, saluni na hoteli, kutoka Noonkopir hadi Isinya, kwa zile herufi zake nono zenye tumbo kubwa na miguu myembamba, zilizomfanya mtu acheke kabla hajaagiza nyama. Alipoulizwa mbona haziandiki zikanyooka, alisema herufi ikinyooka sana watu watadhani wanaitwa kwa chifu.

Mwaka wa 1985 aliandika bango la kibanda cha chai cha Eunice Katee, akachora mvuke juu ya kila herufi, akawa anarudi kila asubuhi kuangalia kama rangi imekauka, na tarehe 6 Desemba 1986 wakafunga ndoa, Mungu akawajalia mimi na wadogo zangu, Mbaluka na Ruth.

Mabango ya kuchapishwa yalipokuja, kazi ilipungua, baba akanyamaza hadi tukaogopa, mpaka mwaka wa 2019 Seleyian, binti wa jirani yetu Kuntai, alipozipiga picha herufi zake akazigeuza fonti ya kompyuta. Baba alikasirika kuona A zote zinafanana, ikabidi kila herufi ichorwe kwa namna tatu tofauti, na leo ziko kwenye pakiti za maziwa na fulana za harusi.

Mwaka wa 2023 kiharusi kilimshika mkono wa kulia, na tarehe 9 Februari 2025 akatuacha, akiwa hospitalini Kajiado.

Sasa, huo msalaba. Baba aliwaandikia wengi wenu misalaba ya marehemu wenu, yote kwa herufi nyembamba zilizonyooka, akisema mwenye msiba hachezewi. Kwa hivyo mdogo wake, baba mdogo Kivuva, alitaka wa baba uwe hivyo hivyo, mama akakataa, akitaka zile herufi nono, wakakaa bila kusemezana hadi jana, mama alipomwambia, "Hao wengine alikuwa anawaheshimu, Kivuva. Mimi nimecheka na huyu mtu maisha yangu yote, sasa nimwandikie kama mgeni?" Baba mdogo alitoka nje, akalia, akaomba brashi. Herufi za msalaba ameziandika mwenyewe, zimepinda kwa sababu hajawahi kufanya kazi hiyo, lakini zimenona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, kanisa, majirani, mafundi wenzake wa mabango, na Seleyian, ambaye kwetu ni binti wa nyumbani.

Baba, pumzika kwa amani, na utusamehe tukicheka kaburini kwako.