Reginaldi Rugaba, Aliyetutangazia Hoki kwa Kiswahili

Ndugu, majirani, na ninyi mlioomba ruhusa kazini kuja kumzika baba yetu mkubwa, asanteni. Haya ni maisha yake kama alivyotusimulia, na mengine tuliyaona wenyewe.

Reginaldi Rugaba alizaliwa tarehe 9 Machi 1970, Nyanza-Lac, Burundi. Alikuwa na miaka miwili baba yake alipotolewa ndani, katika mauaji ya mwaka 1972, na kuuawa kwa nyundo mbele ya mlango. Mama yake alimfunga mgongoni akakimbilia Kongo.

Alisoma Uvira hadi darasa la nne. Mwalimu alimvunja kidole kwa fimbo, naye hakurudi tena shuleni. Vita vya mwaka 1996 vilimtoa huko pia, akafika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania. Hapo ndipo alipomkuta Mama Spés kwenye foleni ya maji. Walifunga ndoa tarehe 2 Agosti 1997, wakajaliwa watoto watatu.

Juni 2008 walifika Louisville, Marekani, wakapangishiwa mtaa wa Newburg, naye akapata kazi katika ghala la vifurushi. Waya wa kebo ya televisheni ya kulipia wa mpangaji aliyewatangulia ulikuwa haujakatwa bado. Siku moja aliwasha televisheni akaona wanaume wakicheza hoki juu ya barafu, mmoja amemvuta mwenzake shati hadi kichwani, anampiga ngumi za uso.

Mama Spés akauliza, "Hawa wanalipwa ili wapigane?"

"Wanalipwa, na polisi wako hapo hapo wanaangalia."

Tangu siku hiyo hakuangalia mchezo mwingine.

Mwaka 2012 walihamia Columbus. Huko alipata kibarua kwenye chaneli ya kebo iliyokuwa ikionyesha hoki. Kazi yake ilikuwa kuvuta waya nyuma ya mpiga kamera ili asijikwae. Tarehe 7 Desemba 2013 wachezaji wawili walishikana mbele yake, damu ikadondoka kwenye barafu. Kwetu, mtu mzima akiona watu wanapigana akaacha kuwaamua, damu ile ni yake pia. Marehemu aliacha waya, akaingia kwenye barafu na viatu vyake vya kawaida. Kiwiko kilimtoa meno mawili, na kamera ilikuwa inamwonyesha.

Mkubwa wake wa kazi alimwuliza, "Ulikuwa unatafuta nini mle?"

Akajibu, "Mlikuwa watu elfu na elfu, mnaangalia tu."

Alifukuzwa siku hiyo hiyo.

Mei 2014 walikuja Buffalo, wakanunua nyumba hapa Black Rock, naye akaajiriwa kiwandani. Alilipia kebo yenye mechi zote. Kila Jumamosi majirani walijaa sebuleni, naye alizima sauti ya Wazungu akatangaza mwenyewe. Wachezaji aliwapa majina yetu. "Karaha anakuja, Karaha amembana Ferdinandi ukutani, Ferdinandi leo atakula uji kwa mrija!" Mzee Ferdinandi mwenyewe alicheka hadi akakohoa. Wengi wenu mliingizwa kwenye timu bila kuulizwa.

Jumamosi tarehe 13 Februari 2016, mchana, aliyekuwa anapigwa kwenye televisheni alimpa jina la Bisogo, kijana wa Mama Generoza wa nyumba ya pili. Aliyempiga akamwita Aloisi, mwanawe. Watu walicheka. Bisogo hakucheka. Aloisi akamwambia, "Inuka basi, sahani ya maharage umeiweza."

Walishikana sebuleni, wakatokea barazani. Bisogo alitoa kisu. Marehemu aliingia katikati yao, kisu kilichokuwa kinamtafuta Aloisi kikamwingia yeye tumboni, mara mbili. Damu ilifika kwenye theluji ya barabarani.

Alikaa hospitali siku tatu. Jumatatu alimwita Aloisi karibu na kitanda, sote tukiwepo.

"Bisogo yuko polisi, mwacheni huko. Kwa mama yake usikanyage kwa ubaya. Mimi ndiye niliyemtangaza yule mtoto kuwa amepigwa, mbele ya watu."

"Baba, amekuua."

"Nimesikia. Na wewe umenisikia?"

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 16, saa nne asubuhi. Saa nane mchana Aloisi alivunja madirisha mawili ya Mama Generoza kwa nyundo. Ndani walikuwemo mama huyo na mtoto wake mdogo, wamelala sakafuni kwa hofu. Mama Spés alikwenda akaichukua ile nyundo mkononi mwa mwanawe, akakaa na Generoza mpaka jioni.

Vioo vipya Aloisi ameviweka mwenyewe, Alhamisi. Salamu bado hawajapeana, yeye na Mama Generoza.

Marehemu ameacha mjane, Mama Spés. Watoto watatu, Aloisi, Delfina na Jean Bosco. Mdogo wake mmoja, na sisi watoto wa mdogo wake. Mama Spés ameagiza hivi kuhusu udongo wa kutupia kaburini: ataanza yeye, atafuata Mama Generoza, ndipo watoto.

Baba mkubwa, upumzike kwa amani.

Aloisi, mpishe Mama Generoza apite.