Feni ya Bi Mkubwa

Mimi ndiye mwenye birika hapa kijiweni, kwa hiyo nikisema nilisikia, jueni nilisikia. Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Fundi Koili, msuka nyaya za mota, na asubuhi hiyo lilikuwa limekaliwa na feni. Sisi wenye benchi tulisimama. Ilikuwa feni ya darini ya zamani, mapanga matatu na tumbo la chuma zito kama mtungi wa gesi. Gia Kubwa, dereva mstaafu wa malori, alikuwa ameishusha kutoka chumbani kwa mama yake, nyumba ile ya ng'ambo ya barabara. Ilianza kuzunguka kabla yeye hajazaliwa, naye ana miaka hamsini na tisa. Siku nne zilizopita ikakwama, na tangu hapo Bi Mkubwa hajapata usingizi. Kanunuliwa feni mpya. Akasema hiyo inapiga domo, izimwe.

Tatizo lilikuwa kofia ya chini, ile inayofungua tumbo.

— Hii kofia ina hesi, inafunguka kwa kuzungushwa, alisema Fundi Koili. Wapo waliotengeneza za kufunguka kwa kushoto, wapo wa kulia. Na ufa huo hapo mnauona. Nikiisukuma upande usio wake, inapasuka, na chuma hiki hakichomelewi. Kwa hiyo nitajieni aliyeitengeneza, nami nitajua inafunguka wapi.

— Ikipasuka? aliuliza Gia Kubwa.

— Utapata uzito wa kuzuia mlango.

Gia Kubwa hakutania siku hiyo, na kwa mtu yule hiyo ni habari.

Fundi alikuwa amekwangua rangi tangu kulipokucha: nyeupe, kijani, buluu, nyeupe tena, tabaka saba. Chini kabisa palitokea kibati kidogo. Tukajazana kukisoma. Hakikuwa na jina la kampuni, nchi, wala mwaka. Kiligongwa namba tu, ishirini na saba.

Redio, kinyozi wetu, ambaye hajawahi kukosa jibu la jambo lolote, alikuwa wa kwanza.

— Hii ya meli. Feni za melini hazikuandikwa jina, adui asijue zimetoka wapi.

— Adui anahangaika na feni?

— Adui anahangaika na kila kitu, ndiyo maana akaitwa adui. Kahawa hapa.

Nikammiminia. Ramani, mwalimu mstaafu wa jiografia, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akifanya hivyo ujue hatuondoki leo.

— Tazameni panga lilivyopinda. Aliyefanya hivi anajua upepo. Huyu ni mtu wa nchi ya baridi.

— Mtu wa baridi ana shida gani na feni, mwalimu?

— Ndiyo hapo. Hajui joto ni nini, kwa hiyo alilikadiria kwa hofu, akazidisha kila kitu. Na ishirini na saba ni latitudo.

— Ya wapi?

— Hilo nitalitazama nyumbani.

Redio akainama, akagonga tumbo la feni kwa kifundo cha kidole. Likalia taratibu, sauti ndefu, tukaisikiliza mpaka ikaisha. Hata mwendesha bodaboda aliyekuwa akipita alizima injini.

— Mmesikia? Redio alisema kwa kunong'ona. Hao walikuwa mafundi wa kengele. Vita vikaja, kengele zikakatazwa, wakageukia feni.

— Vita gani?

— Vita, bwana. Vilikuwa vingi.

— Mimi naona hata chuma chenyewe si cha ardhini, Ramani alisema. Vipo vyuma vilivyodondoka kutoka juu.

Siku nyingine ningecheka mpaka nimwage kahawa. Siku hiyo nilitazama juu, kwa kweli. Zaidi ya miaka hamsini na tisa, usiku na mchana, kitu kinazunguka juu ya kichwa cha mtu bila kunung'unika. Mimi miguu yangu tu ina arobaini na sita na inanung'unika kila asubuhi. Ukisimama mbele ya kazi ya namna hiyo unajisikia mdogo, na si vibaya.

— Upande gani sasa? Gia Kubwa aliuliza. Semeni upande.

Redio akasema kushoto. Ramani akasema kulia. Fundi Koili akashika kofia kwa mikono miwili, akaiachia.

— Siwezi kubahatisha kitu cha mama wa mtu. Yeye mwenyewe anasemaje?

— Uzee tu, fundi. Tangu juzi anasema nimpelekee kitandani aishike. Haoni vizuri, vidole vinatetemeka, aishike ya nini? Marehemu baba ndiye aliyeinunua, angekuwepo yeye tungemuuliza.

Hapo ndipo akafika muuguzi, yule binti wa zahanati anayezungukia wazee majumbani. Alikuwa na faili kwapani. Akatusalimia, tukamwitikia.

— Wewe ndiye mtoto wa bibi wa nyumba ile? Nilimpima jana, kuna sehemu ya fomu sikuimaliza. Alisinzia kidogo, sikutaka kumwamsha.

— Uliza tu, dada yangu.

— Kabla ya kuolewa, mama alikuwa anafanya kazi gani?

Gia Kubwa akafungua mdomo.

— Mama ni mama.

— Ndiyo. Kabla ya hapo.

Akatazama feni. Akatutazama sisi, kama vile mmoja wetu angemwokoa. Mtu huyu anajua kila kona ya kila barabara aliyowahi kupita na lori, na hapa alipotea njia.

— Nauliza kwa sababu ya vidole, muuguzi alisema. Mkono wa kushoto, ncha zote zina sugu, na makovu membamba membamba, mengi. Ni ya zamani sana. Nilidhani labda ni mshonaji, lakini sindano haikati hivyo.

Fundi Koili aliweka spana chini. Akainua mikono yake, akaigeuza viganja juu, akamsogezea.

— Hivi?

Muuguzi akaikagua ncha baada ya ncha.

— Hivi hivi. Ni nini?

— Waya, dada. Waya wa koili.

Gia Kubwa akavuka barabara bila kutazama gari. Tulingoja muda mrefu. Nilimimina kahawa na hakuna aliyeinywa.

Aliporudi alikuwa anatembea polepole, macho mekundu.

— Amesema kulia. Amesema msiigonge na nyundo, haijazoea.

Fundi akashika kofia, akavuta pumzi, akazungusha kulia. Ikakubali.

— Alikuwa karakana ya feni, Gia Kubwa aliendelea. Wasichana tu, wanasuka koili. Alipoaga kwenda kuolewa wakampa moja aliyoisuka mwenyewe. Baba hakununua chochote. Akaniuliza kama tumeiona ishirini na saba. Sikumwambia kuhusu kibati, wallahi sikumwambia. Ndiyo iliyokuwa namba yake ya kazi.

Fundi Koili alimulika ndani kwa tochi. Koili zilikuwa zimelala sawa kama nywele zilizochanwa, zimefungwa kwa uzi, na kila fundo limevutwa kwa mkono wa kushoto. Moja tu ndilo lililokatika, waya ukateleza ukabana mhimili. Fundi akatoa uzi mfukoni, akaupima, akaukata. Kisha akamkabidhi Gia Kubwa uzi pamoja na feni.

— Mpelekee alifunge mwenyewe. Mimi ni fundi miaka thelathini, lakini fundo hili silijui.

Gia Kubwa akalikumbatia lile tumbo la chuma kama mtoto aliyelala, akavuka. Muuguzi akamfuata na fomu yake.

— Kuna lingine alisema? Ramani aliita.

Gia Kubwa akageuka katikati ya barabara.

— Amesema tumechelewa kuuliza.

Benchi likawa tupu, na hatukukaa.

— Mama yako alikuwa anafanya kazi gani? Ramani alimuuliza Redio.

Redio akafikiri. Akatoa simu, akasogea pembeni, akapiga. Tukamsikia akisema shikamoo mama, halafu akashindwa aanzie wapi.

Wangu mimi alifariki nikiwa na miaka ishirini na miwili, na alikuwa na kovu mkononi ambalo nililiona kila siku. Niliinua birika nijimiminie. Kahawa ilikuwa imekwisha.